Hukumu Tatu na Mashambulio Matatu

Kesi iliyowafikisha wazazi wa Isiolo mpaka Mahakama ya Juu ya Kenya ilianza na suruali nyeupe. Tarehe 22 Juni 2014, naibu gavana wa kaunti hiyo, Mohamed Guleid, alikuwa mgeni katika Shule ya Upili ya St. Paul's Kiwanjani, shule ya kutwa ya wavulana na wasichana ambayo mfadhili wake ni Kanisa la Methodist. Aliomba wasichana Waislamu waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare yao ya kawaida. Shule ikaingia msukosuko, walimu wakahamishwa, na Kanisa likaenda Mahakama Kuu ya Meru.

Hoja ya Kanisa ilikuwa na uzito wake. Sare ni moja, na kazi yake ni kuwakalisha dawati moja mtoto wa tajiri na wa maskini, wa kanisani na wa msikitini, bila mmoja kumzidi mwenzake kwa mavazi. Ukimruhusu huyu avae tofauti, umempendelea. Mohamed Fugicha, mzazi aliyekuwa na mabinti watatu shuleni hapo, akaomba kuingizwa katika kesi. Yeye alisema kumwambia binti avue kile ambacho dini yake inamwamuru kuvaa, au akose masomo, ndiko kumbagua. Hoja zote mbili zinasikilizika. Huu ni mzozo wa kawaida katika nchi yenye dini nyingi, na wazee, walimu na wazazi wangeweza kuumaliza kwa kikao kimoja kirefu chini ya mgunga.

Haukuisha, na mojawapo ya sababu iko kwenye kalenda.

Jaji Harun Makau alitoa hukumu yake Alhamisi, tarehe 5 Machi 2015: hijabu isivaliwe. Wiki nne baadaye, Alhamisi ya tarehe 2 Aprili, watu wenye bunduki waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri, wakawatenga wanafunzi kwa dini zao, na hadi jua linatua watu 148 walikuwa wamekwisha kuuawa. Rufaa ikapelekwa Mahakama ya Rufaa, Nyeri. Jumatano ya tarehe 7 Septemba 2016, majaji Waki, Nambuye na Kiage waliitengua hukumu ya Meru, wakasema wasichana hao wana haki ya kujisitiri. Jumapili iliyofuata, Idi ya Kuchinja ikiwa mlangoni, wanawake watatu waliovaa buibui waliingia Kituo Kikuu cha Polisi Mombasa wakidai wamekuja kuripoti simu iliyoibwa. Walikuwa na kisu na bomu la petroli. Wote watatu walipigwa risasi wakafa. Kanisa nalo likakata rufaa katika Mahakama ya Juu. Jumanne ya tarehe 15 Januari 2019, magaidi waliivamia hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi wakaua watu 21. Alhamisi ya wiki iliyofuata, tarehe 24, majaji wa Mahakama ya Juu walio wengi wakaifuta hukumu ya Nyeri kwa sababu dai la Fugicha halikufikishwa kortini kwa utaratibu unaotakiwa. Jaji Jackton Ojwang peke yake hakukubaliana nao. Wenye kutaka kulifufua suala lenyewe wakaambiwa waanze upya.

Hukumu tatu, na kila moja ina damu karibu yake. Ni sadfa tupu. Majaji wa Kenya hawapangi hukumu kwa kuwatazama wapiganaji wa al-Shabaab, na wapiganaji hao hawana habari na sare ya Kiwanjani. Lakini jiweke mahali pa binti wa Bulapesa, mtaa wa Isiolo, mwenye miaka 16. Jumatano korti imemwambia shungi lake ni haki yake ya kikatiba. Jumapili picha za wanawake wa buibui wamelala kifudifudi uani mwa kituo cha polisi zimejaa kwenye kila simu. Jumatatu anapanda bodaboda kwenda dukani na shungi lilelile kichwani. Mwambie basi kwamba mambo haya mawili hayahusiani. Wewe unajua, naye anajua. Aliyesimama nyuma yake dukani ndiye hajui.

Husemwa Waislamu wana hasira za karibu. Hawaguswi, hawakosolewi, ukitaja dini yao umechokoza nyuki. Sura hii inalichukulia neno hilo kwa uzito, maana wanaolisema si maadui wote. Wengine ni majirani wema waliochoka kutembea kwa kunyata. Jibu langu ni kwamba Isiolo, kama ilivyo Garissa, Lamu na Eastleigh, mambo mawili yamefungwa mzigo mmoja. La kwanza ni kuikosoa dini: mafundisho yake, desturi zake, mashekhe wake. La pili ni kumshuku mtu kwa sababu ya dini yake. La kwanza ni hoja, nayo hoja hujibiwa. La pili halina jibu, kwa kuwa unayeshukiwa hujaulizwa ulilofanya, umeulizwa wewe ni nani. Mtu aliyeulizwa yeye ni nani mara kumi tangu asubuhi, jioni akisikia swali la kumi na moja, hata liwe la heri, atang'aka.

Hebu tupande basi la usiku la kushuka Nairobi. Limepita Nanyuki, abiria wamesinzia, kisha breki, taa za ndani zinawashwa na makanga anaita: vitambulisho mkononi. Kitambulisho cha Kenya cha miaka hiyo, upande wa nyuma, kimeandikwa wilaya, tarafa, lokesheni na lokesheni ndogo. Askari hageuzi vyote. Cha kijana Mmeru aliyekaa dirishani kinatazamwa mbele tu, kinarudi. Cha mama wa mtandio anayefuata kinageuzwa, na tochi inatua penye neno Garba Tula. Mazungumzo huwa namna hii:

"Mama, unaenda kwa nani?"

"Kwa mwanangu, afande. Eastleigh."

"Anafanya nini huko?"

"Anapokea maziwa."

Maziwa ni ya ngamia. Kila siku akina mama wa Isiolo, wakiwemo wa ushirika wa Anolei, hupakia mitungi ya maziwa kwenye mabasi, na asubuhi Wasomali wa Nairobi hupata chai yao. Ni biashara iliyosomesha watoto wengi. Mama hakamatwi, wala hatukanwi. Anarudishiwa kitambulisho, basi linaondoka, na kijana Mmeru, ambaye si mtu mbaya, anajifanya amelala. Hakuna la kushtaki hapo. Ukienda kwa wakili utamwambia nini? Kwamba kadi yako iligeuzwa?

Sasa mtazame aliyetoka Isiolo kwenda kuua. Miongoni mwa waliovamia DusitD2 alikuwapo Ali Salim Gichunge, kijana aliyelelewa Isiolo, mwana wa mwanajeshi wa Kenya. Gichunge ni jina la Kimeru. Mkewe, Violet Kemunto, jina lake lilikuwa la Kikisii. Walikuwa wakiishi Muchatha, kaunti ya Kiambu, kama wapangaji wengine wowote, na siku chache kabla ya shambulio waliuza vyombo vya nyumba wakisema wanahama. Kizuizi gani kingemgeuzia Gichunge kitambulisho? Na hakuwa wa kwanza wa namna hiyo. Elgiva Bwire Oliacha, aliyekiri mahakamani mwaka 2011 kwamba ni mwanachama wa al-Shabaab, alikuwa mtu wa magharibi mwa Kenya aliyesilimu ukubwani. Abdirahim Abdullahi, mmoja wa wauaji wa Garissa, alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwana wa chifu wa Mandera. Na babake huyo ndiye aliyekuwa amekwisha kuripoti kwamba mwanawe ametoweka.

Kwa hiyo wanaotuambia kwamba kuwachunguza zaidi watu wa sura fulani na mavazi fulani ni uonevu wa lazima, uchungu wa dawa, wanakosea hata kwa hesabu yao wenyewe. Tochi ilikuwa kwa mama wa maziwa, na mwana wa askari akapita gizani. Mimi naliona hili kuwa kosa la usalama kabla halijawa kosa la haki, na sielewi kwa nini hoja hii hutolewa na watetezi wa haki za binadamu peke yao, ilhali mwenye kuihitaji zaidi ni mpelelezi.

Isiolo haikuanza kuulizwa swali hili baada ya bomu la ubalozi wa Marekani la 7 Agosti 1998, lililoua watu 213 Nairobi. Wakati huo swali lilikuwa na umri wa mtu mzima. Mji wenyewe ulikuzwa na waliotumikia serikali: miongoni mwa walowezi wake wa mwanzo ni Wasomali wa Isaaq, askari wastaafu wa jeshi la Mwingereza, waliopewa makao hapo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Uhuru ulipokaribia, kaskazini ikagawanyika kati ya waliotaka kujiunga na Somalia na waliotaka kubaki Kenya. Mwishoni mwa Juni 1963, mkuu wa wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, na chifu wa Waborana, Haji Galma Dido, waliuawa kwa risasi karibu na Modogashe wakiwa katika safari ya kuwashawishi watu wabaki Kenya. Nairobi kuna barabara inayoitwa Wabera. Wapita njia wachache wanajua kwamba aliyekufa pamoja naye ni Mwislamu aliyehiji Makka, na kwamba alikufa kwa ajili ya nchi ambayo wajukuu wa watu wake wangekuja kuulizwa kama ni yao.

Mwishoni mwa Desemba 1963, wiki mbili hivi tu baada ya uhuru, serikali ilitangaza hali ya hatari kaskazini. Vita na waliotaka kujitenga, vilivyoitwa Vita vya Shifta, vilidumu hadi 1967. Isiolo wafugaji walikusanywa katika vijiji vyenye ulinzi Garba Tula, Merti na Modogashe, mifugo ikapigwa risasi au ikafa kwa kukosa malisho, na watu waliokuwa matajiri wa ngamia wakatoka humo wakiwa na kibuyu. Waborana huuita wakati huo Gaafa Daaba. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa wa serikali wasishtakiwe kwa waliyoyatenda kati ya 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967 katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Angalia ramani hiyo: ni ramani ya Waislamu wa Kenya, isipokuwa Mombasa, Kwale na Kilifi. Shifta haikuwa vita vya dini, lakini aliyekuwa akiishi humo alijifunza kwamba sheria ya nchi ina mpaka, na upande wake wa mpaka mtu akiuawa hakuna wa kumuuliza.

Sheria za hali ya hatari zilifutwa mwaka 1991. Kabla ya hapo palikuwa na mauaji ya Wagalla, Wajir, Februari 1984, na uhakiki wa Wasomali wote wa Kenya ulioanza mwishoni mwa 1989, waliopita wakipewa kadi ya ziada ya kuonyesha kwamba ni Wakenya kweli. Tarehe 26 Machi 2015, Rais Uhuru Kenyatta alisimama bungeni akaomba msamaha kwa dhuluma za serikali zilizopita, Wagalla ikitajwa, na akaahidi mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Ilikuwa ni kauli ambayo kaskazini iliingoja kwa zaidi ya miaka 50. Siku saba baadaye ikaja Garissa, na msamaha huo ukafunikwa na sanda 148. Wiki iliyofuata Benki Kuu ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma fedha, hawala ambazo familia nyingi za kaskazini hupokelea karo na chakula kutoka kwa ndugu walio ng'ambo, na mashirika mawili ya haki za binadamu ya Mombasa, Haki Africa na Muhuri, yakajikuta kwenye orodha ya wanaoshukiwa kufadhili ugaidi. Hawala zilifunguliwa tena miezi michache baadaye. Mahakama Kuu ya Mombasa iliyasafisha mashirika hayo Novemba. Taarifa ya kufungiwa ilikuwa kichwa cha habari. Ya kusafishwa mtu ilibidi aitafute.

Katika hali hiyo, ndipo mtu anakuja na hoja yake ya dini.

Mfano mzuri ni mjadala wa Mahakama za Kadhi mwaka 2010. Makanisa mengi yalipinga mahakama hizo kuwekwa kwenye katiba mpya. Hoja yao ilikuwa kwamba dola isiyo na dini haifai kugharimia mahakama ya dini moja. Ni hoja ya heshima, na hata Mwislamu aliyesoma sheria anaweza kuijadili bila kutoa povu. Majibu yapo: mahakama hizo zilikuwamo katika katiba ya 1963, zikiwa sehemu ya makubaliano kuhusu mwambao uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na mamlaka yake ni ndoa, talaka na mirathi, tena kwa Waislamu waliokubali kwenda huko. Katiba ikapita tarehe 4 Agosti 2010 na Mahakama za Kadhi ndani yake. Lakini mjadala ulikuwa mchungu mno, kwa kuwa wapo waliopanda majukwaani kusema kwamba kadhi ni mlango wa sharia na sharia ni mlango wa bomu. Hoja ya katiba ikavalishwa koti la ugaidi. Mzee wa Isiolo aliyekwenda kwa kadhi kugawa ng'ombe wa marehemu nduguye akaambiwa anaandaa dola ya Kiislamu. Asikasirike vipi?

Upande wa pili wa karatasi nao una maandishi. Tangu miaka ya themanini, Afrika Mashariki imejaa mihadhara: mhubiri Mwislamu, Biblia mkononi, kipaza sauti juu ya meza, anawaonyesha Wakristo aya kwa aya kwamba Yesu si Mungu. Ahmed Deedat wa Afrika Kusini aliwavutia wengi, na kanda zake zilisikilizwa mpaka vijijini. Wenzetu Waislamu huiita mihadhara hiyo hoja. Mchungaji akisimama upande wa pili wa soko akasema lake juu ya Mtume, hiyo huitwa kashfa. Tanzania walilionja hilo: Februari 1998, malalamiko kwamba wahadhiri wanaukashifu Ukristo yaliishia kwa polisi kuvamia Msikiti wa Mwembechai, Dar es Salaam, na watu wakauawa kwa risasi. Dola ilikosea vibaya kupeleka bunduki mahali pa maneno. Lakini anayedai haki ya kuichambua imani ya mwenzake hadharani, kwa kipaza sauti, siku ya gulio, hana budi kuwa na kifua cha kusikia yake ikichambuliwa. Mizani ya sokoni haina vipimo viwili.

Na kuna jibu letu jingine ambalo limechakaa. Kila baada ya shambulio, mashekhe husimama mbele ya kamera wakasema: hao si Waislamu, Uislamu ni amani. Kwa nia ni jibu jema. Kwa mzazi wa Isiolo halimsaidii kitu, kwa sababu mwanawe alikuwa Mwislamu alipoondoka nyumbani. Alikuwa akiswali, tena zaidi ya zamani, na hilo ndilo lililomfanya mzazi asishtuke. Gichunge alitoka mitaani mwetu. Februari 2018 polisi walinasa karibu na Merti, ndani ya kaunti hiihii, gari lililosheheni milipuko na bunduki, lililotoka Somalia likielekea Nairobi. Vijana wamepotea Isiolo, na waliowashawishi walikuwa na aya midomoni. Ukosoaji wa dini unaohitajika zaidi hapa ni ule wa ndani, wa shekhe anayekaa na vijana baada ya Isha akawaambia aya hii ilishuka lini na kwa nini, na huyo mwalimu wako wa kwenye simu ameikata wapi. Shekhe wa namna hiyo anatakiwa asiogope pande mbili: al-Shabaab wasimwite murtadi, na makachero wasimwandike daftarini kwa sababu tu amekaa na vijana usiku.

Hofu hiyo ya pande mbili ndiyo inayoziba midomo. Aprili 2015, Waziri wa Usalama wa Ndani, Joseph Nkaissery, alitangaza msamaha kwa vijana waliokwenda Somalia wakitaka kurudi. Wazazi waliulizana: nikimleta, atafika kituoni tu, au atatoka pia? Walikuwa wamekwisha kusikia jinsi mhubiri Sheikh Aboud Rogo alivyouawa kwa risasi barabarani Mombasa tarehe 27 Agosti 2012, na mwenzake Abubakar Shariff, maarufu Makaburi, tarehe 1 Aprili 2014. Mtu anaweza kuyachukia mahubiri ya wawili hao, nami siyatetei hata kidogo, na bado akaona kwamba nchi yenye mahakama haikuwapeleka kwenye hukumu. Baada ya Dusit, mamake Gichunge alichukuliwa na polisi kwa mahojiano. Pengine ilikuwa lazima. Upelelezi huanzia nyumbani. Ila kila mama wa Isiolo mwenye kijana asiyejulikana alipo aliona, na akafanya hesabu yake kimya. Chifu wa Mandera aliripoti mwanawe mapema. Tunataka wazazi wengi wa namna ile, na mzazi haripoti mahali anapoogopa.

Kuna kisa cha Isiolo ambacho hakitajwi katika mazungumzo haya, nami sijui kwa nini. Tarehe 14 Julai 2005, Luigi Locati, askofu Mkatoliki aliyeishi na watu wa kaskazini kwa miongo mingi, alipigwa risasi Isiolo akafa. Padri wa Kikatoliki alitiwa hatiani kwa mauaji hayo, pamoja na wenzake waliokuwa na majina ya Kiislamu. Hakuna aliyewataka Wakatoliki wa Isiolo waandamane kuthibitisha kwamba wanaupenda uhai. Hakuna mwanafunzi wa seminari aliyegeuziwa kitambulisho. Na ndivyo inavyopasa: muuaji alijibu, imani yake haikuitwa kizimbani.

Miaka 18 baadaye Wakenya Wakristo walionjeshwa kidogo. Zilipofukuliwa maiti za Shakahola mwaka 2023, zaidi ya mia nne, wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie ambao wengi wao walifunga hadi kufa, serikali iliunda jopo chini ya Kasisi Mutava Musyimi kuangalia namna ya kudhibiti mashirika ya kidini. Maaskofu na wachungaji wengi walikuja juu. Walisema Mackenzie si kanisa, kwamba sheria za kumwadhibu mtu mmoja zipo tayari, na kwamba si haki kuwatia wote kapu moja. Walikuwa sawa kabisa. Methali ya samaki mmoja kuozesha tenga zima ni ya wachuuzi, na ikiingia katika sheria ya jinai hutia jela wasio na makosa. Waislamu waliowasikia maaskofu hao wakilalamika, baadhi walicheka kwa uchungu. Ingefaa zaidi wangewapigia simu, maana maneno yale yalikuwa yao kwa robo karne.

Kuna dalili za mabadiliko. Tarehe 5 Februari 2025, Rais William Ruto akiwa Wajir alitia saini tangazo la kukomesha uchujaji wa ziada waliofanyiwa watu wa kaunti za mpakani kabla ya kupewa kitambulisho, ule wa kuitwa mbele ya kamati na kuulizwa babu yako alizikwa wapi. Wapo waliolalamika kwamba ni hatari kwa usalama. Mimi nasema limechelewa miongo sita, na nalisifu. Lakini tangazo linahusu namna kadi inavyotolewa. Halisemi inavyosomwa usiku, kwenye basi, na mtu mwenye tochi. Afisa mkuu wa polisi anaweza kulitimiza hilo bila Bunge wala bajeti: aagize kwamba kwenye kizuizi, ama kadi za abiria wote zigeuzwe, ama isigeuzwe hata moja.